Nusu Siku ya Mawingu

Wanafunzi walimwita Mama Chupa, na hakuna aliyewakataza, hata yeye mwenyewe. Alikuwa mhadhiri wa afya ya mazingira, na kila aliyepita chini ya jengo la idara yao aliziona chupa za plastiki zimelazwa juu ya bati la banda la stoo, safu kwa safu, zikiota jua kama mijusi. Ndani mlikuwa na maji ya mto, ya visima, ya mabomba yaliyopasuka. Alitaka kujua jambo moja tu. Maji machafu yakianikwa juani ndani ya chupa angavu, yanachukua muda gani kuwa salama? Kuchemsha maji kunataka kuni au mkaa, na wapo wasio navyo. Jua halina mwenyewe.

Swali hilo hakulitoa vitabuni. Alikulia katika nyumba ambayo kuhara kulikuwa mgeni wa kila msimu wa mvua, anaingia bila hodi na hatoki mpaka akondeshe mtu.

Kwamba siku nzima ya jua kali huua vijidudu vya majini, hilo lilikuwa linajulikana. Taabu ilikuwa siku za mawingu, kwa sababu ndizo siku ambazo maji huchafuka zaidi. Mama Chupa akapima msimu mzima. Asubuhi anaanika chupa, mchana anachota tone kutoka kila moja, analiweka kwenye kisahani chenye chakula cha vijidudu, kisha visahani vinalala ndani ya kabati la joto. Kama maji yana vijidudu, vitakula, vitazaana, na kesho vitaonekana kama madoa ya upele. Kama maji ni safi, kisahani kitabaki kama kilivyowekwa.

Visahani vilibaki kama vilivyowekwa. Hata siku za mawingu mazito, nusu siku tu ilionekana kutosha. Mwenyewe alishangaa, akarudia, akapata yaleyale. Furaha aliyokuwa nayo wiki hiyo, mume wake alisema baadaye, ni kama ya mtu aliyeposwa upya.

Akaandika makala. Ilikuwa desturi ya kitivo kile kwamba makala haitoki bila jina la mkubwa, na mkubwa wake alikuwa Profesa, mkuu wa kitivo, aliyemfundisha tangu hajui kushika kalamu ya maabara. Alimpelekea nakala jioni. Kesho yake ikarudi imeandikwa pembeni: "Kazi nzuri, endelea." Jina la Profesa likawekwa, jarida la chuo likaipokea, wasomaji wawili wa siri waliopewa kuikagua wakauliza maswali madogo, naye akayajibu. Ikachapishwa.

Basi nyota ikawaka. Mama Chupa akapandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi. Watu wa idara ya afya walitengeneza bango lenye picha ya chupa na wingu, likabandikwa kwenye zahanati. Shirika moja likaanza mazungumzo ya kufadhili mradi mkubwa. Lakini aliyeisambaza makala ile kuliko wote hakuwahi kuisoma. Huyo alikuwa mama yake mzazi, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, mwenye sauti iliyozoea kuita watoto kutoka mwisho wa uwanja. Aliishi pembeni mwa mji pamoja na wajukuu zake, watoto wa binti yake mwingine, na mtaa mzima ulijua habari za nusu siku. "Msijichoshe na kuni," aliwaambia. "Mwanangu kapima."

Mambo yalikwenda hivyo mpaka alipokuja Polepole.

Polepole alikuwa mwanafunzi wa shahada ya pili, na jina hilo alilipata kwa sababu hata kufunua daftari kwake ilikuwa safari. Yeye alitaka kuchunguza kama rangi ya chupa ina athari, lakini ilibidi kwanza arudie kipimo cha nusu siku ya mawingu ili awe na pa kuanzia. Maabara ya idara ilikuwa inapakwa rangi, kwa hiyo akaomba nafasi katika maabara ya hospitali, ng'ambo ya barabara. Visahani vyake vikajaa madoa. Akavileta kwa mwalimu wake, amevishika kwa mikono miwili kama mtu aliyevunja kitu cha watu.

Mama Chupa alimgombeza mbele ya wenzake. Alimwambia hakunawa mikono, hakuosha chupa, na kwamba uzembe hauna shahada. Kijana akachukua visahani vyake. Akarudia kazi, akapata madoa tena, akarudi tena. Safari hii Mama Chupa alivuka barabara mwenyewe, akafanya kila kitu kwa mikono yake, na kesho yake akakuta visahani vimejaa vilevile.

Alirudi maabarani kwake. Rangi ilikuwa haijakauka vizuri na madirisha yote yalikuwa wazi. Akafungua kabati la joto na kuingiza mkono. Ilikuwa kama kuingiza mkono kwenye kabati la nguo. Kioo cha juu kilionyesha namba ileile iliyokuwa ikionyeshwa siku zote, joto la mwili wa binadamu. Fundi wa umeme alipokuja na kulifungua mgongo, alimwonyesha waya wa joto uliokatika na kushika kutu kwenye ncha. Ulikuwa umeungua zamani. Ile namba, fundi alieleza, haikuwa joto lililomo ndani. Ilikuwa joto lililoagizwa.

Mama Chupa akavuta stuli akaketi. Vijidudu havikuota kwa sababu vilikuwa vinasikia baridi, si kwa sababu maji yalikuwa safi. Katika kabati lile, maji ya mtaro na maji ya mvua yangefanana.

Jioni ile alimweleza mume wake, fundi wa madirisha ya alumini, walipokuwa wanaosha vyombo. Mume akauliza, "Nani mwingine anajua?" Mume akaendelea kusugua sufuria iliyokwisha takata, na baadaye akasema samahani, swali lile lilimtoka tu. Alikuwa amekwisha fikiria cheo, na mradi, na jinsi mke wake alivyokuwa akiimba asubuhi.

"Hata mimi nililiuliza," Mama Chupa alisema. "Nilijiuliza nikiwa bado nimeshika mlango wa kabati."

Asubuhi hakwenda chuoni. Alipiga simu idara ya afya, akahamishwa kutoka meza hadi meza, mpaka akampata ofisa aliyehusika na mabango, akamwambia ayaondoe. Kisha akaenda kwa mama yake. Alimkuta uani anawatengea wajukuu uji, na chupa ziko juu ya ukuta, jua halijachomoza vizuri. Alizishusha moja moja akamwaga maji kwenye bustani, na huku anamwaga anaeleza. Mama alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Kwa hiyo haya maji tumekuwa tukinywa…"

"Siku za jua kali yalikuwa sawa, mama. Siku za mawingu, hapana."

Mama alitazama mlango wa jirani. Mtoto wa pale alikuwa ameharisha mwezi uliopita mpaka akalazwa. Inawezekana ilikuwa maji ya chupa, inawezekana ilikuwa kitu kingine. Hakuna ambaye angeweza kujua. Mama Chupa aliliona jicho la mama yake lilipoelekea, na jambo lile halikumtoka moyoni, si siku hiyo wala miaka iliyofuata.

Mama yake akafunga kitambaa kichwani, akavaa viatu vya kutokea, akatoka. Alianza na mlango uleule wa jirani. Alipiga hodi nyumba kwa nyumba, akisema kwa sauti ileile aliyosambazia habari ya kwanza: mwanangu alikosea, kifaa chake kilikuwa kibovu, siku za mawingu chemsheni. Wengine walimshukuru. Mama wa mtoto aliyelazwa alimsikiliza, akafunga mlango taratibu. Mwanamke mmoja mcheshi akauliza kama kumbe wasomi nao hukosea.

"Hukosea," mama alimjibu, "kama wewe ulivyounguza sufuria juzi mtaa mzima tukakohoa. Tofauti ni kwamba wewe ulisema ni moshi wa jirani."

Kufika alasiri mtaa wote ulikuwa umepata habari. Jarida lilichukua muda mrefu zaidi.

Mhariri wa jarida alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi kwenye bawaba, aliyefundisha masomo yake kama wengine na kuhariri jarida bila malipo, katika chumba kidogo nyuma ya maktaba. Alimsikiliza Mama Chupa huku ameweka kalamu chini. Kisha akasema kwamba tangu akabidhiwe jarida, waliowahi kuletwa kwake kwa makosa waliletwa na watu wengine, wakiwa wanabishana. Hajawahi kumpata aliyekuja kwa miguu yake.

"Tuna njia mbili," alimwambia. "Kuna masahihisho, na kuna kufuta. Masahihisho ni pale mwili uko mzima, kidole ndicho kimevunjika. Yako ikoje?"

"Yangu haina moyo, Mwalimu."

"Basi tutaifuta."

Mama Chupa aliuliza kama makala itatoweka, na katika sauti yake mlikuwa na kitu kama tumaini. Mhariri alitikisa kichwa. Makala iliyofutwa haifichwi. Hubaki palepale ilipo, na neno IMEFUTWA huandikwa kwa rangi nyekundu, kimshazari, juu ya kila ukurasa, pamoja na tangazo linaloeleza sababu kwa lugha isiyo na kona. Ikifichwa, aliyeisoma jana na kuitumia hatajua kwamba imekufa. Tena tangazo litasema wazi kwamba hili lilikuwa kosa la kifaa, si udanganyifu. Hilo nalo ni haki ya mwandishi. Kilichobaki ni saini za waandishi wote.

Waandishi wote maana yake ni yeye na Profesa.

Profesa alimpokea vizuri, akaagiza chai. Ilipofika hakuinywa. Alisema mwaka ule ulikuwa mbaya kwa jambo kama hilo: wakaguzi wa chuo wanakuja, shirika la mradi linasubiri barua, na yeye mwenyewe anakaribia kustaafu. Alimshauri kama baba. Aache makala ilale. Aandike nyingine, ya taratibu, yenye vipimo sahihi, na ile ya kwanza itasahaulika yenyewe.

"Umewaambia watu wa afya, umemwambia mama yako," alisema. "Inatosha. Jarida lenyewe linasomwa na nani?"

"Tunapopandishwa vyeo, Profesa, linasomwa na kila mtu."

Profesa alitazama dirishani. Akamwambia kwa upole kwamba ana kikao, na Mama Chupa akatoka akiwa ameacha kikombe chake kimejaa pia.

Mhariri alimweleza kwamba mwandishi mmoja akikataa, tangazo laweza kutoka hivyohivyo, likitaja kwamba fulani hakukubali. Sheria iliruhusu. Lakini Mama Chupa hakutaka kumwanika mtu aliyemfundisha. Aliomba asubiriwe kidogo. Mhariri akakubali, lakini akamkumbusha kwamba kila siku ya kusubiri kuna mtu mahali fulani anasoma makala ile na kuiamini. Mama Chupa alirudi nyumbani amebeba mizigo miwili, na mmoja haukuwa mwepesi kuliko mwingine.

Wiki hiyo hakulala vizuri, wala hakula vizuri, na mume wake alianza kumpikia mwenyewe, kazi asiyoiweza. Kisha mchana mmoja, maabara ikiwa tupu, mlango ukafunguliwa. Alikuwa Profesa. Alisimama akitazama ukuta mpya, masinki, rafu za chupa, kama mgeni anayetafuta pa kuketi. Aliomba aonyeshwe kabati. Akaingiza mkono, akaushikilia humo muda mrefu, akautoa.

Kisha akaomba aelezwe kazi yote tangu mwanzo. Mama Chupa akaanza, akidhani anajaribiwa: chupa, tone, kisahani, joto, madoa. Profesa aliuliza maswali, tena mazuri, maana alikuwa mtu wa akili. Alipofika kwenye matokeo, Profesa akakunja uso.

"Kwani tulisema nusu siku?" aliuliza. "Hata kwenye mawingu?"

Kelele za wanafunzi zilisikika uwanjani. Mama Chupa aliinamisha macho kwenye meza, kwa maana hakutaka kumtazama mtu mzima katika saa ile. Profesa alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa.

"Ningeisoma," alisema, "ningekuuliza swali hilo kabla hujaipeleka. Pengine ungelifungua kabati." Baadaye akaongeza, "Lete hiyo karatasi."

Alitia saini akiwa amesimama. Kisha akaomba sentensi moja iongezwe kwenye tangazo: kwamba yeye hakushiriki katika vipimo wala katika uandishi. Mama Chupa aliumia kidogo, akadhani mzee anajitoa kwenye lawama na kumwachia peke yake. Lakini mhariri alipoisoma aliinua macho akampigia simu Profesa palepale, kumwonya kwamba sentensi ile haimsafishi. Mtu ambaye hakushiriki hakupaswa kuwa mwandishi; kila atakayeisoma ataliona hilo. Mama Chupa alisikia sauti ya Profesa kwenye simu, ndogo lakini wazi. Ilisema, "Najua inavyosomeka. Iache."

Tangazo likatoka. Mama Chupa alilifungua kwenye kompyuta ya ofisini, akaona wekundu ule umekata kurasa zake zote, hata ukurasa wa shukrani alipomtaja mama yake. Alifunga kompyuta akaenda stoo ya chupa, akalia huko, kwa sababu ofisini kulikuwa na mwenzake.

Yaliyofuata hayakuwa mepesi. Shirika likaahirisha mradi, na baadaye likaacha kujibu barua. Kamati ya vyeo ilikaa, ikajadili kama imshushe, ikaamua abaki na cheo chake lakini makala ile isihesabiwe tena, na mbele yake kukawa na foleni ndefu zaidi. Kwenye korido minong'ono haikutofautisha kukosea na kughushi. Kwa wengine aliyefutiwa makala ni mwizi tu aliyekamatwa. Wapo walioacha kumwomba awasomee kazi zao. Lakini wapo pia, na hili hakulitarajia, waliomfuata mmoja mmoja na kufunga mlango, wakamwuliza kwa sauti ya chini utaratibu unaanzia wapi. Aliwaelekeza kwenye kile chumba cha nyuma ya maktaba.

Mama Chupa alimwomba Polepole radhi darasani, mbele ya walewale waliosikia akigombezwa. Alisema kijana alifanya kazi safi na yeye akaiita uzembe kwa sababu haikumpendeza. Polepole alisimama, kwa mwendo wake, akasema asante Mwalimu, akaketi. Kisha akauliza kama sasa wanaweza kuendelea na rangi za chupa.

Waliendelea, lakini kwanza walirudia kipimo cha mawingu, kabati likiwa na waya mpya na kipimajoto cha kawaida kimewekwa ndani. Profesa alianza kuja maabara. Mwanzo alisimama tu. Halafu akavua koti, akakunja mikono ya shati na kuosha chupa, na ikaonekana anazijua kazi hizo, ila alikuwa ameziacha siku nyingi. Alisuguasugua shingo za chupa kwa bidii mpaka Polepole akamwomba asizikwaruze.

Matokeo hayakuwa na maajabu. Siku za mawingu, maji yalihitaji siku mbili nzima, kama watu wa nchi nyingine walivyokuwa wamekwisha kuona. Mhariri hakuwapendelea. Aliituma makala mpya kwa wasomaji wa siri kama nyingine zote, na mmoja wao aliandika kwamba haina jipya. Wa pili aliandika kwamba pale palipotangazwa kosa, ukweli nao utangazwe palepale, hata ukiwa wa kawaida. Ikachapishwa. Waandishi walikuwa Polepole na Mama Chupa. Profesa alikataa jina lake kuwekwa juu, na hakutaka maneno ya kubembelezana. Yumo kwenye shukrani, kwa kuosha chupa.

Idara ya afya ikatoa bango jipya, chupa moja na mawingu mawili. Mama wa Mama Chupa alilibandika kwenye mlango wake wa mbele, ingawa mwenyewe alirudia kuchemsha na hakuacha tena.

Mwisho wa mwaka Profesa alistaafu. Kitivo kilimwandalia hafla katika ukumbi wa mihadhara, viti vikapangwa, hotuba zikasomwa. Mkuu mpya alitaja idadi kubwa ya makala ambazo Profesa ameandika, watu wakapiga makofi. Yeye aliposimama kujibu, alishukuru familia, alishukuru wenzake, kisha akakohoa.

"Mmetaja makala zangu," alisema. "Hazikuwa zangu zote, na wengine humu mnajua. Kuna moja imefutwa. Hiyo naweza kuwaeleza kila mstari wake, kwa sababu ndiyo peke yake niliyoisoma vizuri, japokuwa nilichelewa."

Baadhi walicheka. Wengine hawakujua kama wacheke, wakatazamana. Mhariri wa jarida, aliyekaa nyuma karibu na mlango, alipiga makofi peke yake kwa muda, kabla wengine hawajamfuata. Mama Chupa hakupiga. Mikono yake ilikuwa imeshikwa na mke wa Profesa, aliyekaa kando yake, na hakutaka kuitoa.